Picha za Kila Jumamosi

Jerusha Wakio hakuajiriwa kutunza samaki. Aliajiriwa kubeba sahani. Hoteli yenyewe iko kando ya barabara kuu, kabla hujaingia Voi mjini ukitoka Mombasa, na kazi yake ni kulisha wasafiri wenye haraka: pilau, kuku, chai ya rangi, na choo kisafi. Lakini mwenye hoteli, Mzee Donald, alikuwa amefanya kazi bandarini miaka mingi, na aliporudi nyumbani kufungua biashara aliapa kwamba watu wa bara nao wataona bahari. Akaleta tangi la vioo lenye urefu wa meza mbili, akaliweka ukumbini karibu na kaunta, akalijaza maji ya chumvi, mawe ya baharini, matumbawe, na samaki kumi na mmoja.

Kwa miezi kumi watu walikuwa wakisimamisha magari ili waone tu. Kisha ile mashine iliyokuwa ikitoa uchafu kwa kutengeneza povu ikaharibika, fundi akasema kipuri chake hakipatikani, na maji yakaanza kugeuka rangi. Utando wa kijani ukapanda vioo. Matumbawe yakajikunja. Samaki wawili wakafa wiki moja, na Mzee Donald, ambaye hakupenda kuaibika mbele ya wateja, akasema basi, mwisho wa mwezi tangi linamwagwa.

Jerusha akamwomba ampe wiki sita.

Hakuweza kueleza vizuri kwa nini. Alikuwa na miaka thelathini na minne, hakuwa na mtoto, na kwa mwaka mzima yeye ndiye aliyekuwa akiwapa samaki wale chakula asubuhi kabla ya wateja kufika. Walikuwa wakimjua. Akikaribia kioo, wale wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe walikuwa wakija mbio hadi pembeni, kama kuku wanaosikia mlango wa jikoni.

Alisoma kwenye simu, mapumziko baada ya mapumziko, hadi akakuta watu wanaosafisha maji ya bahari kwa kutumia mwani wenyewe. Wazo lilimwingia upesi kwa sababu alikuwa mtoto wa mkulima. Uchafu wa samaki ni mbolea. Mwani unapenda mbolea. Basi badala ya kuuacha uote juu ya vioo na mawe, unaujengea shamba lake pembeni: neti ngumu iliyokwaruzwa, maji yanayotiririka juu yake mchana kutwa, na taa kali kuliko ile ya tangini. Mwani unahamia huko, unaota kwa fujo, unakula kile kinachochafua maji. Kila wiki unauvuna na kuutupa, na uchafu unaondoka nao.

Neti ilitoka kwa Moureen.

Moureen alikuwa mpishi wa keki na maandazi pale hotelini, mtu wa Mahoo, upande wa Taveta, mwenye watoto watatu na mume aliyevuka mpaka kutafuta kazi na kusahau njia ya kurudi. Jerusha hakumwita Moureen. Alimwita Mama Lynn, kwa jina la binti yake mkubwa. Kwa miaka sita walikuwa wamepanga vyumba vilivyopakana katika ploti moja mtaa wa Sofia. Moureen alipopasuliwa tumbo, Jerusha alilala siku nne kwenye kiti cha hospitali. Jerusha alipofiwa na baba, Moureen alipanda naye hadi Kasigau na kupika kwa ajili ya waombolezaji kama binti wa boma lile. Watu wa ploti waliwadhania ndugu, nao walikuwa wameacha kuwasahihisha.

Moureen alikuwa na neti za plastiki za kushonea vitambaa vya meza. Aliposikia mpango wa Jerusha alicheka hadi akashika ubao wa kukandia.

"Yaani unataka kufuga ukungu, Wakio?"

"Si ukungu. Ni mwani. Na naufuga ili niuvune."

"Basi chukua kubwa. Usije ukasema nilikunyima."

Walikaa nje ya mlango Jumapili nzima wakiikwaruza neti ile kwa msumeno hadi ikawa na miiba midogo kama ulimi wa paka. Walikata ufa katika bomba la plastiki ili maji yateremke kama pazia. Taa nyekundu za kuoteshea miche walizipata kwenye duka la pembejeo, na kisanduku kizima wakakificha ndani ya kabati chini ya tangi.

Wiki ya kwanza palitokea uteute wa kahawia tu, na wapishi wakawa wanamtania Jerusha kila anapopita. Wiki ya tatu neti ikaota nywele za kijani. Wiki ya tano Jerusha alivuna konzi mbili za mwani mzito wenye harufu ya pwani, na vioo vya tangi vilikuwa vimetakata hata mtoto wa mteja mmoja akajigonga kichwa akijaribu kumgusa samaki. Matumbawe yalifunguka. Moja la zambarau, ambalo Jerusha alidhani limekufa, lilitoa vidole vyake vyote na kuvipunga majini.

Mzee Donald akawa akimwita mbele ya wageni. "Mnaona huyu? Huyu ndiye daktari wa bahari yangu." Jerusha alikuwa akiinamisha kichwa na kujifanya anafuta meza, lakini jioni alikuwa akimrudia Moureen maneno yale, na Moureen alikuwa akiyasikiliza kila mara kana kwamba ni mapya.

Mwaka mmoja na zaidi ulipita hivyo.

Mwezi wa saba simu ikaja kutoka Rukanga, kijiji chao kule Kasigau. Ndovu walikuwa wameingia shambani kwa mama yake Jerusha wakati mahindi yanakaribia kukauka, na mama, akikimbia kuelekea kwa jirani, alianguka kwenye mtaro akavunjika nyonga. Jerusha alikuwa mtoto wa pekee aliye karibu. Akaomba ruhusa ya wiki nne, akafunga nguo chache, na kabla ya kuondoka akampeleka Moureen hadi kwenye kabati la chini ya tangi.

"Nusu Jumamosi hii, nusu nyingine Jumamosi ijayo," alimwambia. "Usikwangue yote mara moja, maji yatabaki bila kitu cha kuyasafisha. Na usiache kuvuna. Mwani ukiwa mnene, ule wa ndani unakosa mwanga, unakufa, unaoza, na uchafu wote unarudi majini."

"Nusu, halafu nusu," Moureen alirudia.

"Na taa isizimwe."

"Wakio, nimeshika. Nenda ukamwone mama. Nitakutumia picha kila Jumamosi ndio ulale."

Mama yake alikuwa ameletwa nyumbani kutoka hospitali akiwa hawezi kugeuka mwenyewe. Jerusha alimwogesha, alimlisha, alichoma mabua ya mahindi yaliyokanyagwa, na mchana alikuwa akipanda hadi kwenye jiwe lililo mlimani juu ya shule, mahali pekee simu ilipopata mtandao wa kutosha. Jumamosi ya kwanza picha ikaja: maji meupe, samaki wa machungwa wakiwa karibu na kioo. Chini yake Moureen aliandika, "Watoto wako wanakusalimia." Jumamosi ya pili ikaja picha ya neti iliyovunwa nusu, safi kabisa. Jerusha alimwonyesha mama, na mama, aliyekuwa kalala ubavu, akasema, "Huyo Moureen Mungu alikupa dada."

Jumamosi ya tatu picha ilifika mapema kuliko kawaida. Jerusha alikuwa ameketi juu ya jiwe, upepo ukimsumbua, akijifunga upya kichwani kitambaa chake cha manjano. Alifungua picha, akaipanua kwa vidole ili alione lile tumbawe la zambarau. Kioo cha tangi kilikuwa kimerudisha kivuli cha mpiga picha, kama vioo vinavyofanya. Mkono ulioshika simu. Bega. Na juu ya kichwa, kitambaa cha manjano.

Akapeleka mkono kichwani, akakigusa chake: kilikuwa kilekile.

Aliirudia picha ya kwanza, kisha ya pili. Akaanza kutafuta kwenye simu yake mwenyewe, akirudi nyuma mwezi baada ya mwezi, na zote tatu akazikuta. Alikuwa amezipiga yeye. Alikuwa amemtumia Moureen yeye mwenyewe, mwaka uliopita, siku alizokuwa na furaha asijue amwonyeshe nani mwingine.

Alimpigia.

"Wakio! Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea. Samaki wanaendeleaje?"

"Ai, hao wako sawa. Maji yanang'aa kama kioo. Si umeona picha?"

"Nimeona."

"Basi wewe tulia huko, usiharakishe. Mama ni mmoja."

Sauti ilikuwa ileile, yenye joto, ya mtu anayekoroga kitu huku anaongea. Hilo ndilo lililomtisha Jerusha. Alitafuta ndani ya sauti ile mahali palipopasuka, hakupaona. Akajiuliza ni mara ngapi nyingine sauti hiyo ilikuwa imemwambia jambo na yeye akaliamini, akalala usingizi.

Jumatatu alimwacha mama na binamu yake, akashuka Voi kwa gari la alfajiri. Aliingia hotelini saa nne, wakati wa chai. Harufu ilimpokea mlangoni, harufu ya ufuo wenye kitu kilichokufa, ingawa mtu alikuwa amemwaga dawa ya sakafu kwa wingi ili kuifunika. Kitambaa cha meza kilikuwa kimetandazwa juu ya upande wa mbele wa tangi. Akakivuta.

Maji yalikuwa kama chai ya maziwa iliyolala. Vipande vya chapati vilielea juu yake. Wateja wenyewe walikuwa wakiwalisha samaki, na hakuna aliyewakataza. Matumbawe yalikuwa mifupa myeupe yenye manyoya ya kahawia. Samaki sita hawakuonekana popote. Mmoja alikuwa amelala kwenye mchanga. Wale wawili wa machungwa walikuwa pembeni juu kabisa, vinywa vimegusa uso wa maji, wakipumua kwa haraka. Jerusha alipokaribia, hawakuja.

Akapiga magoti na kufungua kabati. Maji bado yalikuwa yakiteremka juu ya neti, lakini taa ilikuwa imezimwa. Mwani ulikuwa umejaa, haujaguswa hata siku moja, umegeuka mweusi, unachuruzika kwa uteute na kuoza ndani ya maji yaleyale uliopaswa kuyasafisha. Alifuata waya wa taa kwa mkono hadi nyuma ya kabati. Ulikuwa umechomolewa. Kwenye soketi palikuwa na waya mwingine, mweupe, mpya, na waya huo ulikwenda hadi kwenye kabati la kioo lenye joto, lililokuwa limesimama kando ya tangi. Ndani yake kulikuwa na keki za vikombe, maandazi, na mkate wa nazi. Ukutani juu ya tangi, fundi seremala alikuwa ameshachora vipimo kwa penseli: mstari mrefu, na mishale miwili.

"Ulisema utarudi mwisho wa mwezi," Moureen alisema nyuma yake.

Alikuwa amesimama na trei, aproni imejaa unga. Jerusha hakuinuka.

"Hizo keki ni zako?"

"Wakio, njoo jikoni tuongee."

"Nimekuuliza hizo keki ni za nani."

Moureen aliweka trei juu ya meza. Wateja wawili waliacha kunywa chai.

"Ni zangu. Mzee amenipa hii kona. Si za hoteli, ni zangu mimi, na jina langu litaandikwa. Nimeomba hii kona miaka miwili. Kila mara ananiambia hakuna nafasi, kuna tangi. Kuna tangi. Niseme nini? Nina watoto watatu, Wakio. Wale ni samaki."

"Kwa hivyo ukachomoa taa."

"Sikuua mtu."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa," Jerusha alikubali. "Tungegombana siku mbili, tungeacha kusalimiana, halafu tungepima ukuta tukaona kabati linakaa upande ule wa dirisha. Soketi iko hata huko. Hukuniuliza."

Moureen alitazama upande wa dirisha, na kwa uso wake Jerusha alijua kwamba hakuwahi kufikiria dirisha.

"Picha zilinihangaisha," Moureen alisema kwa sauti ya chini. "Usidhani nilikuwa nacheka. Nilikuwa naona wewe uko na mgonjwa, nikasema angalau asiwe na wasiwasi."

"Mama yangu alikuombea kwa sababu ya zile picha."

Moureen akafunga macho. Akaichukua trei yake, akarudi jikoni.

Mzee Donald alipofika mchana, Jerusha alikuwa bado na matumaini madogo ambayo aliyaonea aibu baadaye. Alidhani mzee atakasirika. Mzee alisimama mbele ya tangi, akavua kofia, akakuna kichwa.

"Lakini si mlikubaliana?" akauliza. "Moureen aliniambia umeamua kubaki nyumbani na mama. Kwamba umesema tangi liondolewe, hutaki lipate tabu na watu wasiojua. Nikaona ni busara."

"Alinipigia simu nikasema hivyo, wewe ukiwa unasikia?"

"Hapana. Lakini nyinyi si ni kitu kimoja?"

"Mzee una nambari yangu."

Akairudisha kofia kichwani. "Mimi ni mtu wa biashara, Jerusha. Keki zinatoka. Hata hivyo, kazi yako ya sahani ipo." Kisha, kwa wema wa kweli, ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, akaongeza: "Na wale samaki wawili unaweza kuwachukua."

Hakulia hotelini. Alikwenda shule ya wasichana iliyo ng'ambo ya reli kumtafuta Alice, mwalimu wa bayolojia aliyekuwa akileta wanafunzi wake kuangalia neti ile kila muhula. Alice hakuuliza mengi. Alikuwa na tangi dogo tupu kwenye maabara na mitungi miwili ya maji ya bahari iliyobaki kutoka ziara ya pwani. Wakachukua ndoo yenye kifuniko na pampu ndogo ya hewa ya betri, wakarudi pamoja.

Jerusha aliwatoa samaki wale wawili kwa bakuli, taratibu, mikono ikiwa ndani ya maji machafu hadi viwiko. Aligeuza mawe yote moja moja. Chini ya la mwisho alikuta konokono mmoja akiwa hai, na kwenye ufa, kipande cha lile tumbawe la zambarau kisichozidi ukucha, ambacho kilikuwa bado na rangi. Akakivunja kwa kisu cha kukatia limau na kukiweka ndooni.

Moureen alitoka jikoni. "Acha nikushikie upande mmoja, ni nzito."

"Usiguse."

Ndilo neno pekee alilomwambia siku hiyo baada ya asubuhi.

Samaki mmoja alikufa Jumatano. Wa pili aliishi, na anaishi. Konokono pia. Alice na Jerusha walikata neti mpya, wakaikwaruza wakiwa wamekaa maabarani, na Jerusha aligundua kwamba alikuwa akifanya kazi bila kuzungumza, kwamba Alice alikuwa amemuuliza jambo mara mbili. Alikuwa akikumbuka ile Jumapili nje ya mlango. Alijaribu kuiona tena kama ilivyokuwa, Moureen akicheka na msumeno mkononi, na akashindwa kujua kama Moureen wa siku ile alikuwa tayari anaitaka kona. Miaka miwili, alikuwa amesema. Basi alikuwa ameitaka. Alikwaruza neti na kusikiliza sifa za daktari wa bahari kila jioni, na alikuwa ameitaka. Hilo lilimuuma Jerusha kuliko maji yaliyooza: kwamba sasa hakuwa na siku hata moja ya nyuma anayoweza kuishika bila kuigeuza kutazama upande wa pili.

Aliacha kazi mwisho wa mwezi na kupata nyingine kwenye mkahawa karibu na stesheni ya treni. Mama alipoweza kusimama kwa mkongojo, Jerusha alihama Sofia pia. Alipata chumba Mwakingali, na asubuhi ya kuhama alikodi mkokoteni mmoja tu, kwani vitu vyake havikuwa vingi.

Moureen alitoka akasimama kwenye mlango wake. Alikuwa amekonda. Kona ilikuwa ikienda vizuri, watu walisema. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu na ya dhahabu.

"Kwa hivyo unaenda kweli."

"Naenda."

"Watoto wanauliza shangazi amekasirika nini. Niwaambie nini?"

Jerusha alikuwa akifunga godoro kwa kamba. Alifikiria swali lile kwa haki, kwa sababu watoto hawakuwa na kosa.

"Waambie ukweli."

"Nitaanzia wapi, Wakio?"

"Sijui, Moureen."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka yote ile kumwita kwa jina lake. Wote wawili walilisikia. Moureen aliweka mkono kwenye fremu ya mlango, kama mtu aliyeulizwa kitambulisho nyumbani kwake mwenyewe. Jerusha akakaza fundo, akamwambia mwenye mkokoteni kwamba wako tayari, akatembea kando yake akishikilia godoro lisianguke hadi walipofika kwenye lami.